Uso wa Bwana katika Picha ya Kuchapwa

Mtoto mmoja wa mafundisho alitazama picha iliyotundikwa ukutani, kisha akatuuliza: «Mwalimu, nani aliyempiga Yesu picha hii?» Wenzake wakacheka. Sisi hatukucheka, maana hata watu wazima wengi hufikiri hivyo kimoyomoyo. Basi yafaa Wakristu tujue picha ile ilitoka wapi.

Mchoraji wake ni Warner Sallman, aliyezaliwa mwaka 1892 katika mji wa Chicago, Marekani. Hakuwa Mkatoliki, bali Mprotestanti, na kazi yake ilikuwa kuchora picha za matangazo ya biashara. Mwaka 1924 gazeti la kanisa lake lilihitaji picha ya jalada. Sallman akachora kichwa cha Kristu kwa makaa. Mwenyewe alisimulia kwamba alikuwa amekosa wazo lolote, mpaka usiku mmoja sura ile ikamjia. Lakini wachunguzi wameonyesha kwamba inafanana sana na Kristu aliyechorwa na Mfaransa Léon Lhermitte mwaka 1892. Hatusemi kwamba Sallman alidanganya. Yale ambayo macho yaliona zamani huweza kurudi usiku katika mawazo.

Mwaka 1940 aliichora upya kwa rangi za mafuta, na mitambo ya kuchapa ikaanza kazi. Wakati wa vita kuu ya pili, askari wa Marekani waligawiwa picha ndogo za kutia mfukoni. Baada ya vita ikaingia katika nyumba, shule na hospitali, na kuvuka bahari. Yahesabiwa kwamba imechapwa zaidi ya mara milioni 500. Sallman alikufa mwaka 1968, na watu wengi walioipenda picha yake hawakulijua jina lake.

Wajuzi wa sanaa waliidharau, wakisema ni tamu mno. Wakristu weusi wa Marekani waliuliza neno zito zaidi: mbona Myahudi wa Nazareti amepewa sura ya mtu wa Ulaya? Swali hilo ni la haki. Injili zote nne hazisemi lolote juu ya rangi ya macho yake wala nywele zake.

Eklezya yatufundisha nini? Mtaguso wa Nisea wa mwaka 787 uliamua kwamba heshima tunayoipa picha humwendea yule aliyechorwa. Na Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulisema kwamba Eklezya haikuchagua mtindo mmoja wa sanaa kuwa wake peke yake. Kwa hiyo mama mzee anayesali mbele ya karatasi iliyofifia kwa moshi, tusimcheke: sala yake haiishii katika karatasi. Wala tusimkemee fundi anayechonga Kristu mweusi katika mti wa kwetu. Kosa ni kusema: «Uso wake ni huu tu, mwingine hakuna.» Mtoto mweusi akisikia hivyo, aweza kudhani kwamba Mungu ni wa watu wengine.

Yule mtoto tulimjibu hivi: «Hakuna aliyempiga Yesu picha. Mtu alimpenda, akamchora kama alivyomwazia. Lakini Bwana alituonyesha mwenyewe mahali pa kumtafuta: katika mwenye njaa, katika mgonjwa, katika mfungwa.» Mtoto akatazama tena ukutani, kisha akawatazama wenzake.