Mtoto Anayelala Mdomo Wazi

Leo tuchungulie mdomoni mwa mtoto, ila tuanze na wazee wetu.

Ukitazama picha za zamani za Wakamba, utaona meno ya mbele ya juu yamechongwa yakawa na ncha. Ulikuwa urembo, na kazi hiyo ilikuwa na fundi wake. Gerhard Lindblom, Mswidi aliyefika Ukambani kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, aliyaeleza meno hayo katika kitabu chake cha mwaka 1920. Siku hizi kijana wa Mwingi au Wote hachongwi tena.

Kisu kinachonitia wasiwasi ni kingine. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki, mtoto akikohoa sana au akipumua kwa kelele usiku, hupelekwa akakatwe kimio, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Wengine hung'olewa vijino ambavyo havijatoka, wakiambiwa ni "meno ya plastiki". Mama huniuliza habari hizi kwa kunong'ona, baada ya wenzake kutoka kliniki. Mimi simgombezi, kwani amekaa macho usiku kucha akimsikiliza mwanawe akihangaika. Lakini mtoto akikatwa anaweza kutoka damu nyingi au kupata pepopunda, na usiku akaendelea kukoroma vilevile. Kwa nini?

Jibu lilipatikana Copenhagen, Denmark. Mwaka 1868 daktari Wilhelm Meyer aliandika kuhusu wagonjwa waliopumua kwa mdomo, wakasikia kwa shida na kusema kama waliobanwa pua. Ukimwangalia mtu kama huyo kinywani huoni kitu. Meyer alipitisha kidole nyuma ya kaakaa, akakipeleka juu, akagusa nyama laini zilizoziba njia ya pua. Hizo ndizo watu wetu huziita nyama za pua. Kila mtoto anazo, ila kwa wengine huvimba kupita kiasi. Mtoto wa namna hiyo akiita "mama" unaweza kusikia "baba", kwa sababu sauti ya "m" inahitaji pua iliyo wazi. (Baba hufurahi bure!)

Basi, ukikata kimio umeacha kizibo mahali pake. Mara nyingi kizibo ni nyama hizo pamoja na mafindofindo makubwa.

Meno nayo yanaingiaje? Mate ndiyo mlinzi wa meno: huosha mabaki ya chakula na kupunguza makali ya asidi. Mtoto anayelala mdomo wazi hukaukwa na mate, fizi za mbele zikavimba, na meno yakawa rahisi kuoza. Ukimpa na chupa ya chai ya sukari alale nayo, umeongeza matatizo. Hali ikidumu miaka mingi, taya la juu huweza kuwa jembamba na meno yakasongamana.

Madaktari wenyewe walichelewa kuona hatari ya usiku. Ni mwaka 1976 ambapo Christian Guilleminault na wenzake huko Stanford, Marekani, walieleza habari za watoto 8, wa miaka 5 hadi 14, waliokatikiwa na pumzi usingizini. Walipimwa usiku kucha. Mchana watoto wa aina hii huweza kusinzia darasani au kutotulia, na mwalimu akawaita wavivu au watundu.

Si wote wanaohitaji upasuaji. Katika utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2013, uliohusu watoto 464 wa miaka 5 hadi 9, karibu nusu ya waliosubiri bila kupasuliwa vipimo vyao vya usingizi vilirudi kuwa vya kawaida baada ya miezi 7. Waliopasuliwa walipona wengi zaidi. Kuchagua nani asubiri na nani apasuliwe ni kazi ya daktari wa masikio, pua na koo.

Usiku wa leo, mtoto akishalala, kaa kando yake na taa. Je, anakoroma karibu kila siku hata bila mafua? Pumzi inakatika, kisha anashtuka kwa kishindo? Kifua kinabonyea ndani akivuta hewa? Anatoka jasho au kukojoa kitandani ilhali alikuwa ameacha? Ukiwa na simu yenye kamera, mrekodi dakika mbili. Njoo nayo kwenye zahanati pamoja na mtoto, nasi tutamtazama meno pia kabla ya kumwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa ya Kitui au ya Wote. Akigeuka buluu midomoni, usingoje kupambazuke.