Saini ya mzazi na mimba ya binti: sheria inasemaje?

Ujumbe uliingia saa tatu usiku, kipindi kimeshaisha. Mama mmoja wa Chamazi, huko mbele ya Mbagala, aliandika hivi: "Dada mtangazaji, habari za kazi. Binti yangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, ana mimba ya miezi miwili. Kuna kaka ana duka la dawa hapa mtaani, anasema nikimwandikia karatasi kwamba mimi mzazi nimekubali, na nikimpa laki na nusu, atamtoa na haitakuwa kosa. Ni kweli?"

Nilimpigia usiku uleule. Lakini swali lake si la mtu mmoja. Tumelipata kutoka Tandika, tumelipata kutoka Bunju, na limewahi kutoka Mkuranga na Rufiji, kila mara kwa maneno tofauti kidogo. Kwa hiyo tumeona tuliandike hapa, msikilizaji wetu, ili ulisome kwa utulivu na umtumie mwenzako anayelihitaji. Tunazungumzia Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya adhabu.

Jibu fupi: si kweli. Hakuna sheria inayompa mzazi uwezo wa kuhalalisha utoaji mimba kwa saini yake. Karatasi ile haimkingi mwenye duka, haimkingi binti, na mama mwenyewe ndiyo inamweka pabaya zaidi, maana ameandika kwa mkono wake kwamba alishiriki.

Sheria yenyewe

Sheria inayohusika ni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Ilitungwa enzi za Mwingereza, na kwenye jambo hili haijabadilika sana. Kifungu cha 150 kinamhusu anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria, kwa dawa, kwa kifaa au kwa njia nyingine yoyote: adhabu ni kifungo hadi miaka 14. Kifungu cha 151 kinamhusu mwanamke anayejitoa mimba au kukubali kutolewa: hadi miaka 7. Kifungu cha 152 kinamhusu anayetoa dawa au vifaa huku akijua vinakwenda kufanya kazi hiyo: hadi miaka 3.

Mzazi yuko wapi hapo? Wengi hawamwoni, lakini yumo. Kanuni hiyohiyo inasema anayesaidia, anayeshawishi au anayewezesha kosa huhesabiwa kama aliyelitenda. Mama akitoa laki na nusu na kumpeleka binti mlangoni, anaweza kushtakiwa pamoja na mwenye duka, kwa kosa lilelile la miaka 14.

Na binti? Chini ya miaka 18 ni mtoto, ndivyo inavyosema Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Akishtakiwa, shauri lake ni la Mahakama ya Watoto, kama ile ya Kisutu hapa Dar es Salaam, na sheria hiyo inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo cha jela. Hiyo haina maana kwamba hatapata taabu. Kukamatwa peke yake, mtaa mzima ukijua, ni adhabu tosha kwa binti wa miaka 16.

Mlango mmoja ulio wazi

Upo mlango mmoja. Kifungu cha 230 kinasema mtu hana kosa la jinai akifanya upasuaji kwa nia njema, kwa uangalifu na ujuzi unaostahili, ili kuokoa maisha ya mama, kama hali ya mgonjwa ilihitaji hivyo. Kwa hiyo daktari anayeona kwamba mimba itamuua mgonjwa anaruhusiwa kuitoa. Kwa desturi daktari hatapenda kuamua peke yake, atawaita wenzake washauriane kwanza.

Neno "maisha" hapo lina upana gani? Hapa kuna kesi ya zamani ambayo inamjibu vizuri mama wa Chamazi. Mwaka 1938, jijini London, binti wa miaka 14 alibakwa na wanajeshi akapata mimba. Daktari Aleck Bourne alimtoa mimba hiyo hospitalini, hadharani, na wazazi wa binti walikuwa wamekubali. Pamoja na ridhaa hiyo, alishtakiwa. Baraza la wazee wa mahakama lilimwachia huru, lakini si kwa sababu wazazi walikubali. Jaji aliwaeleza kwamba kuokoa maisha si lazima kusubiri mgonjwa awe anakata roho. Daktari akiamini kwa nia njema kwamba mimba itambomoa mama kabisa, mwili au akili, sheria inaweza kuona ameokoa maisha.

Mwaka 1959, katika kesi ya Mehar Singh Bansel iliyotoka Kenya, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliufuata mwelekeo huo. Wakati ule mahakama hiyo ilihudumia Kenya, Uganda na Tanganyika. Wanasheria wetu huzitaja kesi hizi hadi leo. Lakini Bunge halijawahi kuandika wazi kwenye sheria kwamba kubakwa, au umri mdogo, ni sababu inayojitegemea. Daktari wa hospitali ya wilaya anabaki na kifungu cha 230 na dhamiri yake, na wengi wakikumbuka miaka 14 wanarudi nyuma.

Utaona basi kwamba katika yote hayo sheria haiulizi mzazi amesema nini. Inauliza hali ya mgonjwa. Ajabu ni kwamba kwenye ndoa Sheria ya Ndoa ya 1971 ilifanya kinyume chake: msichana wa miaka 15 aliweza kuozeshwa kwa ridhaa ya mzazi. Rebeca Gyumi alilipeleka jambo hilo Mahakama Kuu, akashinda mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye mwaka 2019. Saini ya mzazi iliyoweza kumfanya mtoto kuwa mke haina nguvu yoyote kwenye jambo tunalozungumza leo.

Damu ikianza kutoka

Hapa naomba usome polepole, maana hapa ndipo watoto wanapofia.

Kutibiwa baada ya mimba kuharibika ni halali, siku zote, kwa kila mtu, kwa umri wowote. Iwe mimba ilitoka yenyewe, iwe kuna mtu aliichokonoa, iwe binti alikunywa vidonge asivyovijua. Serikali imefundisha madaktari, wauguzi na wakunga kutoa huduma hii, na haipatikani Muhimbili tu. Vipo vituo vya afya vinavyosafisha kizazi kwa bomba maalumu la mkono, bila kisu. Dawa ya misoprostol nayo iliidhinishwa nchini, kwanza mwaka 2007 kwa ajili ya kuzuia mama kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, baadaye kwa ajili ya mimba iliyoharibika. Nesi anayemsafisha binti anayevuja damu hatoi mimba. Anatibu.

Dalili za kutosubiri asubuhi ni hizi: damu inayolowesha pedi mbili kwa saa moja, saa mbili mfululizo, homa na kutetemeka, uchafu wenye harufu mbaya, tumbo kuuma sana au kuwa gumu, kizunguzungu au kuzimia. Ukiona hata moja, tafuta bajaji, bodaboda, jirani mwenye gari, chochote.

Fomu je? Kwa kawaida hospitali humtaka mzazi au mlezi asaini kabla mtoto hajafanyiwa upasuaji. Hilo ni sawa pale kuna muda. Kwenye dharura daktari anaokoa maisha kwanza, mzazi atapatikana baadaye. Na mzazi aliyepo lakini anakataa kwa hasira, "mwacheni ajifunze", ajue kwamba Sheria ya Mtoto inakataza mtu yeyote kumnyima mtoto matibabu. Hapo wahudumu wanaweza kumwita afisa ustawi wa jamii. Binti naye anayo haki ya kusikilizwa katika maamuzi yanayomhusu, kwa sheria hiyohiyo. Kipo hata kipimo ambacho hahitaji mzazi kabisa: tangu mwaka 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kupima virusi vya Ukimwi kwa ridhaa yake mwenyewe.

Ukubwa wa tatizo si wa kukisia. Utafiti wa mwaka 2013 uliofanywa na wataalamu wa hapa nchini na wa taasisi ya Guttmacher ya Marekani ulikadiria kwamba mimba 405,000 zilitolewa Tanzania Bara na Zanzibar mwaka huo, karibu zote kwa siri. Wanawake 66,600 walitibiwa madhara yake kwenye vituo vya afya. Wengine karibu laki moja walipata madhara na hawakufika popote. Hao laki moja ndio ninaowawaza kila ujumbe kama huu unapoingia. Na si jambo la jana: mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti walikuwa tayari wanazungumza na wanawake na wasichana waliolazwa Hospitali ya Temeke baada ya mimba kutolewa vichochoroni.

Mwambie nesi ukweli. Kama binti amemeza kitu, ataje alichomeza na saa ngapi. Tiba ya mtu aliyechokonolewa si sawa na ya mtu ambaye mimba ilitoka yenyewe, na uongo wa "nilianguka bafuni" unaweza kuchelewesha dawa ya kuzuia maambukizi.

Mwanaume yuko wapi?

Kwenye simu nilimuuliza mama: nani amempa mimba? Akanyamaza kidogo, akasema, "Ni mtu tunayemfahamu."

Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, kufanya mapenzi na msichana wa chini ya miaka 18 ambaye si mke wako ni kubaka, hata kama alisema ndiyo. Adhabu haipungui miaka 30. Sheria ya Elimu nayo, kwa mabadiliko ya mwaka 2016, inaweka miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Mara nyingi anayelipia duka la dawa ni mtu huyohuyo, na nia yake si kumsaidia binti bali ni kufuta ushahidi. Mzazi akiletewa pesa ya "kumalizana", ajiulize inamaliza nini. Kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto ndipo pa kwenda, au ofisi ya ustawi wa jamii ya kata. Namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto hupigwa bure.

Kama ni kubakwa na siku bado ni chache, hesabu saa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinafanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vinafaa hadi siku tano, na vikiwahi ni bora zaidi. Vinazuia mimba isitunge, havitoi iliyokwisha tunga. Mtoto asioge wala kufua nguo zile kabla hajaonwa, lakini kama ameshaoga, mpeleke hivyohivyo.

Majirani zetu

Nchi ambayo kweli imeandika ridhaa ya mzazi kwenye jambo hili ni Rwanda. Sheria yao ya mwaka 2018 iliruhusu mimba kutolewa na daktari ikiwa mjamzito ni mtoto wa chini ya miaka 18, au amebakwa, na ikaondoa sharti la zamani la kupitia mahakamani. Mtoto huombewa na mzazi au mlezi wake. Lakini agizo la waziri la mwaka 2019 likaongeza: wazazi wakipingana wenyewe kwa wenyewe au na mtoto, matakwa ya mtoto ndiyo yanayofuatwa. Ethiopia tangu mwaka 2005 inamruhusu msichana mdogo ambaye mwili au akili yake haijawa tayari kulea. Afrika Kusini, kwa sheria ya mwaka 1996, mhudumu humshauri binti aongee na wazazi, lakini hawezi kumnyima huduma kwa sababu hajaongea nao. Huko Marekani kila jimbo lina yake, na mengine yanamtaka binti asiyeweza kumwambia mzazi aende kwa jaji.

Sisi tuliridhia Itifaki ya Maputo mwaka 2007. Ibara yake ya 14 inazitaka nchi kuruhusu mimba kutolewa na wataalamu pale mwanamke amebakwa, amepewa mimba na ndugu wa damu, au afya yake iko hatarini. Kenya na Uganda ziliiwekea pingamizi sehemu hiyo, Tanzania haikuiwekea. Lakini mkataba hauwi sheria ya mahakamani hapa kwetu mpaka Bunge liutungie sheria, na kwa jambo hili halijafanya hivyo. Ukiambiwa na mtu kwamba "Maputo inaruhusu", muulize kama Maputo ndiyo itakayomwekea dhamana.

Yule mama alisikiliza yote hayo. Mwisho akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea: "Na shule? Maana ndilo lililonitoa usingizi. Nikiiacha mimba, mwanangu shule ndiyo basi."

Hapo nilikuwa na habari njema kidogo. Ilikuwa hivyo zamani. Novemba 24, 2021, Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba mwanafunzi aliyekatisha masomo kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi kwenye shule ya kawaida baada ya kujifungua. Mwalimu mkuu akikataa, mzazi apande kwa afisa elimu kata, kisha afisa elimu wa wilaya. Mama akanitaka nirudie tarehe, akaandika. Asubuhi yake alimpeleka binti kliniki kupima wingi wa damu na shinikizo, na karatasi ya mwenye duka aliniambia ameichana.