Mwami, Mteko na Ardhi: Urithi wa Buha

Nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, ambazo ni sehemu kubwa ya Buha ya kale, hazina ngome za mawe wala magofu. Kwa sababu hiyo wako wanaodhani kuwa Waha hawana historia ya kuandikwa. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kuwa urithi wao umo katika uhusiano wa watu na ardhi, nao ulijeruhiwa mara mbili katika karne ya 20.

Kabla ya ukoloni Buha haikuwa dola moja. Palikuwa na falme kadhaa, miongoni mwake Heru upande wa Kasulu, na Muhambwe na Buyungu upande wa Kibondo. Kila ufalme ulikuwa na mwami wake, wa nasaba ya Watusi wafugaji. Pamoja na mwami alikuwapo mteko, mzee wa koo za wakulima zilizotangulia kuikalia nchi. Huyu ndiye aliyegawa mashamba, akaamua ugomvi wa mipaka na kuongoza matambiko ya ardhi.

Waingereza walitawala kwa kumtumia mwami. Ndiyo maana maandishi yao yamemtaja yeye zaidi. Hata Mwami Theresa Ntare wa Heru, mwanamke aliyeheshimika sana, anakumbukwa kuliko wateko wote. Uchifu ulifutwa kwa sheria mwaka 1963. Kazi ya mteko haikungoja sheria. Ilidhoofika watu walipohamishwa.

Uhamisho wa kwanza ulianza mwaka 1933, serikali ya kikoloni ilipowakusanya watu katika makazi ya pamoja ili kuwaepusha na malale. Wa pili ulikuja na Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, kaya zilizotawanyika milimani zilipopelekwa vijijini. Yako mema yaliyopatikana: shule, zahanati na barabara. Lakini mahame yalibaki na makaburi ya wazee, na mteko akakosa ardhi ya kugawa.

Jambo hili si la kale tu. Mwaka 1919 Uingereza na Ubelgiji zilikubaliana kugawana Afrika Mashariki ya Kijerumani. Burundi ikaenda kwa Wabelgiji, Buha ikawa ya Tanganyika. Hata hivyo Kiha na Kirundi vimebaki kuwa lugha ndugu. Wakimbizi wa Burundi walipomiminika mwaka 1993, wenyeji wengi waliwaelewa bila mkalimani. Undugu huo, hata hivyo, haukuzuia manung'uniko juu ya kuni, maji na mashamba. Zamani mgeni alijua mlango wa kubisha ili apewe mahali pa kulima. Siku hizi kuna ofisi na kambi, lakini mzee wa kusema, "Karibu, lima hapa," ni adimu.

Tunawasihi wanafunzi wetu watakaotumwa huko wasiishie kuuliza majina ya wami. Wawaulize wazee: nani alikuwa mteko wa kilima hiki, na mgeni alipokewaje? Wanaoweza kujibu wanapungua kila mwaka.