Shani: Historia ya Neno na Upimaji wa Lisilo la Kawaida katika Kiswahili

Utangulizi

Kiswahili kina maneno mengi ya kutaja kile ambacho hakijazoeleka. Mzungumzaji anaweza kusema ajabu, kioja, tunu, nadra au adimu, au akatumia kirai cha ukanushi, -sio ya kawaida. Miongoni mwa maneno hayo lipo moja ambalo leo husikika zaidi katika ushairi, katika nathari ya kifasihi na katika majina ya watoto wa kike kuliko katika mazungumzo ya kila siku au nyaraka za serikali. Neno hilo ni shani.

Makala haya yanafuatilia safari ya neno shani kutoka Kiarabu hadi Kiswahili sanifu, kisha yanalilinganisha na nadra, adimu na -sio ya kawaida. Hoja kuu ni kwamba maneno haya, ijapokuwa kamusi huyafasiri kwa kupokezana, hayapimi kitu kimoja. Kila moja lina kipimo chake na historia yake. Nyaraka za umma zinapotumia neno moja kwa vipimo vyote, sehemu ya taarifa hupotea. Na katika nyanja kama afya ya jamii, taarifa inayopotea inaweza kugharimu uhai.

Asili ya neno

Shani linatokana na neno la Kiarabu sha'n. Umbo lake la Kiswahili linafuata kanuni zinazojulikana za utohozi. Hamza ya katikati imedondoshwa, kama ilivyodondoshwa katika ra's lililozaa rasi. Irabu i imeongezwa mwishoni ili silabi iwe wazi, kama ilivyo katika hali na riziki; ilhali maneno yaliyoishia na konsonanti ya midomo, kama kitabu na adimu, yalipata irabu u.

Katika Kiarabu, sha'n halina maana ya lisilo la kawaida. Maana yake ya msingi ni jambo, hali au shughuli, na maana iliyopanuka ni hadhi au umuhimu. Wasomaji wa Kurani wanalikuta katika aya ya 29 ya Sura ya Ar-Rahman, inapoelezwa kwamba kila siku Mwenyezi Mungu yumo katika jambo. Wanalikuta tena katika aya ya 37 ya Sura ya Abasa, inapotajwa siku ambayo kila mtu atakuwa na jambo lake la kumshughulisha. Katika Kiarabu cha ofisi cha leo, neno hilohilo huingia katika kirai chenye maana ya kuhusu, kirai ambacho hakina ajabu yoyote ndani yake.

Swali la kihistoria basi ni hili: neno lililotaja jambo lolote lilifikaje Uswahilini kutaja jambo ambalo halijazoeleka?

Kutoka jambo hadi shani

Jibu linaweza kutafutwa ndani ya Kiswahili chenyewe. Neno la Kibantu jambo hufanya safari kama hiyo kila siku. Mtu akiingia kijijini akaona watu wamekusanyika mapema, husema, "Hapa pana jambo." Hasemi jambo gani, na wala hahitaji kuongeza kivumishi. Kutaja tu kwamba pana jambo kunatosha kuonyesha kwamba kilichopo kimevuka mipaka ya siku ya kila siku. Vivyo hivyo, mtu anayeambiwa kwamba "ana mambo" haelezwi kuwa na shughuli nyingi. Anaelezwa kuwa na visa.

Kwa mantiki hiyo, sha'n lililoingia Kiswahilini lilikuta tayari lugha yenye desturi ya kulipa uzito neno la jumla. Maana ya hadhi na umuhimu iliyokuwamo katika Kiarabu iliisaidia desturi hiyo. Jambo lenye hadhi likawa jambo la kutajwa. Jambo la kutajwa likawa jambo la kustaajabiwa. Kwa kuwa Kiswahili kilikuwa na jambo kwa maana ya jumla, shani lilibaki na maana ya pekee.

Mabadiliko hayo yaliacha alama katika sarufi. Shani ni nomino ya ngeli ya I-ZI: shani hii, shani hizi. Haliwi kivumishi bila msaada wa kiunganifu, kama katika mambo ya shani au tukio la shani. Tofauti hii ni ya maana. Adimu huweza kufuata nomino moja kwa moja na kuieleza, kama katika vitu adimu; shani hulitaja tukio lenyewe kwa jina. Anayesema "nimeona shani" amekitaja kitu kizima kilichomsimamisha, wala hakuongeza sifa juu ya kitu kingine.

Ushairi ulilihifadhi neno hili kwa sababu za maana na za umbo. Lina silabi mbili na huishia na -ni, kina ambacho ni chepesi kupata katika lugha yenye kiambishi cha mahali cha -ni. Mtunzi aliyetaka kumwandaa msikilizaji kupokea kisa kikubwa alikuwa na neno linalokaa vizuri mwishoni mwa kipande.

Kamusi na usanifishaji

Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi. Frederick Johnson, katibu wake wa kwanza, ndiye aliyesimamia kamusi kubwa iliyotoka mwaka 1939 kwa kuijenga juu ya kazi ya A. C. Madan ya mwaka 1903. Katika mapokeo hayo ya kikamusi, shani liliwekwa katika uwanja wa mambo ya nadra, ya ajabu na ya kushtusha. Uwanja huo ulikuwa mpana: ulibeba kinachopendeza pamoja na kinachotisha.

Nathari ya shule na ya ofisi iliyokua baada ya hapo ilikuwa na mahitaji mengine. Sehemu yake kubwa ilitokana na tafsiri kutoka Kiingereza, na ilitafuta vivumishi vyepesi kulinganishwa na vya lugha chanzi. Nomino inayobeba mshangao wa msemaji haikufaa taarifa ya bwana shamba wala waraka wa hospitali. Kirai -sio ya kawaida kilifaa: kilikuwa wazi, hakikuwa na hisia, na kiliweza kuambatana na nomino yoyote. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilipotoka mwaka 1981, shani lilikuwa tayari neno la fasihi zaidi kuliko la kazi. Katika matumizi ya leo upande wa kupendeza umeushinda upande wa kushtusha, na ndiyo sababu mzazi humwita bintiye Shani bila wasiwasi.

Vipimo vinne

Ulinganisho wa asili za maneno husaidia kuonyesha kile ambacho kila moja hupima.

Nadra linatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuchomoka na kuanguka nje ya kundi. Katika Kiswahili neno hili hupima nyakati: ni nadra mvua kunyesha mwezi huo. Kinyume chake cha karibu ni aghalabu.

Adimu linatokana na mzizi wenye maana ya kutokuwepo. Hupima wingi wa kitu: sukari imeadimika. Kitu adimu kinakaribia kutokuwepo pale kinapotafutwa.

Kirai -sio ya kawaida kimejengwa juu ya kawaida, neno linalotokana na Kiarabu qa'ida, wingi wake qawa'id, yaani msingi au kanuni. Hupima umbali kutoka katika kanuni. Hivyo basi, hakiwezi kutumika kwa uhakika bila kujulikana kanuni ni ipi na imewekwa na nani.

Shani hupima uzito wa tukio kwa anayelishuhudia. Halidai hesabu wala kanuni, linadai shahidi. Methali isemayo kwamba ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni inaukumbusha upande huu wa suala: kiasi cha mshangao hutegemea kile ambacho macho yamekwisha kukiona.

Athari kwa istilahi za kanda

Mkutano wa Wakuu wa Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki wa tarehe 27 Februari 2021 uliridhia Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya pamoja na Kiingereza na Kifaransa. Rwanda ilikuwa imekwisha kukifanya lugha rasmi mwaka 2017, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022. Maneno yaliyojadiliwa hapa yanazidi kuingia katika sera zinazosomwa na watu wenye mazoea tofauti ya lugha. Mifano miwili inatosha.

Mfano wa kwanza ni istilahi madini adimu, inayotumika kwa kundi la elementi zinazopatikana Gakara nchini Burundi na Ngualla mkoani Songwe, Tanzania. Istilahi hii imefuata jina la Ulaya ambalo lilitolewa kabla kemia haijazifahamu vizuri elementi hizo. Seriamu, mojawapo ya elementi hizo, imo katika ganda la dunia kwa kiwango kinachokaribiana na cha shaba. Kilicho haba ni mashapo yenye mkusanyiko wa kutosha kuchimbwa kwa faida, pamoja na uwezo wa kuyatenganisha na kuyasafisha. Neno lenye mzizi wa kutokuwepo humfanya msomaji wa sera aamini kwamba thamani imo katika uhaba wa udongo, ilhali sehemu kubwa ya thamani imo kiwandani. Anayekwenda kujadili mkataba akiwa na imani ya kwanza atadai kitu tofauti na anayejua jambo la pili.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Kanuni za Kimataifa za Afya za mwaka 2005 zinazitaka nchi zitathmini kila tukio la afya kwa maswali manne, na mojawapo ni iwapo tukio hilo si la kawaida au halikutarajiwa. Swali hilo hushuka kutoka wizarani hadi kwa mhudumu wa afya wa kijiji, na kwa Kiswahili hushuka kama swali kuhusu ugonjwa usio wa kawaida.

Hapo ndipo historia ya neno kawaida inapokuwa na uzito. Katika vijiji ambavyo homa, kutapika na kuharisha ni mambo ya kila msimu, dalili za mwanzo za Ebola au Marburg zimo ndani ya kanuni. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, katika eneo ambalo Kiswahili ni lugha ya mawasiliano mapana, ulidumu hadi Juni 2020 na kuua watu 2,287. Mwezi Juni 2019 ulivuka mpaka hadi Kasese, Uganda. Mkoani Kagera, Tanzania, ugonjwa uliotangazwa kwanza kuwa haujulikani ulithibitishwa tarehe 21 Machi 2023 kuwa ni Marburg. Watu 6 walifariki. Milipuko hiyo ilikuwa na sababu na vikwazo vingi, na lugha haiwezi kubebeshwa lawama zote. Hata hivyo, swali linaloomba habari za kilicho nje ya kanuni haliwezi kutegemewa kuleta habari za kifo kinachofanana na vifo vilivyozoeleka.

Suluhisho haliwi kulirudisha shani katika fomu za afya. Kwa msikilizaji wa leo neno hilo limeelemea mno kwenye uzuri, na kuliita gonjwa linaloua jamaa zake shani kungekuwa kumkosea adabu. Kinachoweza kurudishwa ni kipimo chake, yaani kumpa shahidi nafasi. Badala ya kuuliza iwapo pana ugonjwa usio wa kawaida, mhudumu anaweza kuuliza kama pana jambo lililowashtua watu: vifo viwili katika nyumba moja, mgonjwa aliyewauguza wengine kabla ya kuugua, ugonjwa uliokuja nje ya msimu wake. Maswali ya namna hii hayamlazimishi mwanakijiji kuijua kanuni ya wizara kabla ya kusema alichokiona.

Hitimisho

Shani liliingia Kiswahilini likiwa neno la jambo lolote, likapewa uzito na wasemaji, likahifadhiwa na washairi, kisha likaachwa pembeni na nathari ya ofisi iliyohitaji kivumishi kisicho na hisia. Nafasi yake katika nyaraka imechukuliwa na maneno yanayopima uchache wa nyakati, uchache wa vitu na umbali kutoka katika kanuni. Vipimo hivyo vinahitajika, lakini havitoshelezani.

Kwa vyombo vinavyoandaa istilahi za kanda, zikiwamo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya kitaifa, historia hii inapendekeza utaratibu mmoja mwepesi. Kila istilahi inayotaja lisilo la kawaida ipitishwe pamoja na maelezo ya kipimo chake: je, inahesabu nyakati, inahesabu vitu, inarejelea kanuni iliyoandikwa, au inategemea ushuhuda wa wahusika? Istilahi ambayo wanaoipendekeza hawawezi kuijibia swali hilo haijawa tayari kupelekwa kijijini.