Ushabiki wa soka mjini Tabora

Ushabiki wa soka mjini Tabora ni desturi ya wakazi wa mji wa Tabora, magharibi mwa Tanzania, kujifunga na timu fulani ya mpira wa miguu na kuifuata kwa muda mrefu, mara nyingi kwa maisha yote. Kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Tanzania, mashabiki wengi wa Tabora ni wa klabu mbili za Dar es Salaam, Simba na Yanga, ingawa mji uko zaidi ya kilomita 800 kwa reli kutoka Kariakoo zilipo klabu hizo. Sambamba na hizo, Tabora imekuwa na timu zake, zikiwemo Milambo, Rhino Rangers na Tabora United (tangu mwaka 2025: TRA United). Kwa sababu hiyo shabiki wa Tabora mara nyingi ana timu mbili: ya moyoni na ya nyumbani. Zinapokutana uwanjani hulazimika kuchagua.

Historia

*Njia ya misafara na reli*

Tabora, katika eneo la Unyanyembe, ilikuwa kituo kikuu cha misafara ya karne ya 19 kati ya Bagamoyo na Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walikwenda pwani na kurudi, na katika safari hizo ulistawi utani kati yao na makabila ya njiani na ya pwani, wakiwemo Wazaramo wa eneo la Dar es Salaam. Mtani aliruhusiwa kukudhihaki, kukunyang'anya kitu kidogo na kukucheka hata msibani, nawe hukuruhusiwa kukasirika. Lakini mtani huyohuyo alikuwa na wajibu wa kukusaidia ukipatwa na shida.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mji ukawa njia panda ya reli, na baadaye tawi la kwenda Mwanza lilianzia hapo. Mpira wa miguu ulienea katika miji ya namna hiyo kupitia shule, misheni, jeshi na watumishi wa serikali na reli, watu waliohamishwa mara kwa mara na kuhama na mapenzi yao ya timu.

*Simba na Yanga*

Young Africans, yaani Yanga, ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1935. Simba inahesabu mwanzo wake mwaka 1936. Ilipitia majina kadhaa, likiwemo Sunderland, kabla ya kuchukua jina la Simba mwaka 1971. Yanga huvaa kijani na njano, Simba nyekundu na nyeupe. Klabu hizi huitwa "watani wa jadi", na neno hilo limechukuliwa kutoka katika utani wa makabila.

Ushindani wao hauna msingi wa kabila, dini wala mkoa. Nchini Kenya, Gor Mahia imehusishwa zaidi na Wajaluo na AFC Leopards na Waluhya. Nchini Tanzania, Mnyamwezi, Msukuma, Muha au Mmanyema anaweza kuwa wa upande wowote, na ndugu wa tumbo moja huweza kugawanyika. Ndiyo maana klabu za mtaa mmoja wa Dar es Salaam ziliweza kuwa za nchi nzima.

*Redio na televisheni*

Kwa miongo mingi shabiki wa Tabora aliijua timu yake kwa sikio tu. Radio Tanzania Dar es Salaam ilitangaza mechi kubwa moja kwa moja, na watangazaji kama Ahmed Jongo na Charles Hilary walijulikana nchini kote kwa sauti zao. Watu walikusanyika kwenye redio moja barazani au dukani. Magazeti yalikuja na treni, yakichelewa, na matokeo yaliyokwisha kusikika yalisomwa upya ili kumaliza ubishi.

Vituo vya televisheni vilianza Tanzania Bara mwaka 1994. Azam TV ilianza mwaka 2013, na mwaka 2021 kampuni hiyo ilitia saini mkataba wa miaka kumi wa haki za kuonyesha Ligi Kuu wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Tangu hapo karibu kila mechi ya ligi inaonekana mikoani, nyumbani, baa na kwenye vibanda umiza.

Namna mtu anavyokuwa shabiki

*Kurithi*

Njia ya kawaida ni ya ukoo. Mtoto huvalishwa jezi kabla hajajua kusema, na huambiwa "sisi ni Simba" au "sisi ni Yanga" kama anavyoambiwa jina la ukoo wake. Mwenye usemi si lazima awe baba. Mara nyingi ni mjomba, kaka mkubwa, au babu anayemhadithia mjukuu mechi za zamani.

*Kupinga*

Wengine huchagua timu pinzani makusudi, ili kuwe na ubishi nyumbani. Familia yenye pande mbili huhesabiwa kuwa na raha zaidi siku ya mechi, kwa kuwa utani unahitaji mtu wa kutaniwa.

*Mechi au mchezaji mmoja*

Mara nyingi shabiki anaweza kutaja mechi iliyomfunga. Zinazotajwa sana hutofautiana kwa umri:

- Yanga 5–0 Sunderland, tarehe 1 Juni 1968.
- Simba 6–0 Yanga, tarehe 19 Julai 1977, ambapo Abdallah Kibadeni alifunga mabao matatu.
- Simba kuitoa Zamalek ya Misri, bingwa mtetezi wa Afrika, mjini Cairo kwa mikwaju ya penalti mwaka 2003.
- Simba 5–0 Yanga, tarehe 6 Mei 2012.
- Yanga 5–1 Simba, tarehe 5 Novemba 2023.

Kipigo nacho huunda mashabiki. Simba ilipoteza fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993 mbele ya Stella Abidjan. Yanga ilipoteza fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023 mbele ya USM Alger kwa kanuni ya bao la ugenini, baada ya kufungwa 2–1 Dar es Salaam na kushinda 1–0 Algiers. Simba ilipoteza fainali ya kombe hilohilo mwaka 2025 mbele ya RS Berkane ya Morocco. Aliyekesha na timu yake katika usiku wa namna hiyo ni vigumu kuihama.

*Kutohama*

Kanuni isiyoandikwa ni kwamba timu haibadilishwi. Mtu anaweza kuhama mji, chama cha siasa au hata dini akaeleweka, lakini anayehama kutoka Simba kwenda Yanga au kinyume chake hukumbushwa jambo hilo kila siku ya mechi.

Mpangilio na maisha ya mashabiki

*Shabiki na mwanachama*

Shabiki ni yeyote anayeipenda timu. Mwanachama ana kadi, hulipa ada, na ana sauti katika mkutano mkuu, moja kwa moja au kupitia wajumbe wa matawi. Wanachama hukusanyika katika matawi, ambayo yako mikoani pia. Tawi hupanga safari, hununua jezi kwa pamoja, na huchangiana katika ugonjwa, harusi na msiba. Kwa wengi, kazi hii ya kusaidiana ndiyo inayowabakiza timu inapofanya vibaya.

Wanachama waliamua pia mabadiliko ya umiliki. Mwezi Desemba 2017 wanachama wa Simba walikubali mfumo ambao mwekezaji, Mohammed Dewji, angepata asilimia 49 kwa shilingi bilioni 20. Wanachama wa Yanga walipitisha mabadiliko yao mwaka 2021. Katika mifumo yote miwili sehemu kubwa, asilimia 51, iliwekwa kwa wanachama.

*Vijiwe na vibanda*

Siku za kawaida ubishi hufanyika vijiweni: kwenye vituo vya bodaboda, vinyozi, masoko na vibaraza vya kahawa katika kata za mjini kama Chemchem, Gongoni, Isevya, Kanyenye na Ng'ambo. Siku ya mechi watu huhamia kwenye kibanda umiza, banda lenye televisheni na mabenchi, ambamo kiingilio hulipwa mlangoni. Jina linatokana na mateso ya kukaa humo kwa kubanana na kwa joto.

*Lugha*

Ushabiki umezaa msamiati wake. Simba huitwa Mnyama au Wekundu wa Msimbazi, na Yanga huitwa Wananchi au timu ya Jangwani. Wapinzani huwaita Simba "Makolo" na Yanga "Utopolo" au "vyura", jina linalotaniana na mafuriko ya bonde la Jangwani. Kufungwa mabao matano ni "kupigwa mkono". Mambo ya uganga yanayosemekana kufanywa kabla ya mechi hutajwa kwa staha kuwa kazi ya "kamati ya ufundi".

*Sikukuu*

Kila klabu ina tamasha lake la kufungua msimu: Simba Day, lililoanza mwaka 2009, na Wiki ya Mwananchi, iliyoanza mwaka 2019. Wachezaji wapya hutambulishwa, na matawi ya mikoani husafiri kwenda Dar es Salaam.

Timu za Tabora

Milambo, yenye jina la mtemi Mirambo wa karne ya 19, iliwahi kucheza daraja la juu la Tanzania. Rhino Rangers, timu ya jeshi, ilipanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2013–14 ikashuka mwisho wa msimu huohuo. Kwa karibu miaka kumi iliyofuata mji haukuwa na timu ya Ligi Kuu, na anayetaka kuiona Simba au Yanga katika ligi alilazimika kusafiri.

Hali ilibadilika mwaka 2023, wakati Kitayosce, klabu yenye asili ya Kilimanjaro iliyohamia Tabora, ilipopanda Ligi Kuu na kuitwa Tabora United. Mashabiki waliipa jina la "Nyuki wa Tabora", kwa kuwa mkoa huo unajulikana kwa asali. Mwanzo ulikuwa wa aibu: katika mechi ya kwanza dhidi ya Azam, Agosti 2023, timu iliingia uwanjani na wachezaji pungufu kwa matatizo ya usajili, na mchezo ukavunjika mapema ikiwa nyuma kwa mabao 4–0. Mwisho wa msimu ilibaki katika ligi kupitia mechi za mchujo.

Tarehe 7 Novemba 2024 Tabora United iliifunga Yanga, bingwa mtetezi, 3–1 kwenye uwanja wa Azam Complex, Dar es Salaam. Siku chache baadaye Yanga iliachana na kocha wake, Miguel Gamondi. Mwaka 2025 klabu ilichukuliwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania na kuitwa TRA United. Ilipata mwenye uwezo wa kuitunza, lakini neno "Tabora" likatoka katika jina lake.

Timu ya moyoni na timu ya nyumbani

Timu ya Tabora hutumia Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi. Ligi Kuu ina timu 16, kwa hiyo kila msimu Simba na Yanga huja mara moja moja. Kwa kanuni za miaka ya karibuni mapato ya mlangoni ni ya mwenyeji, na kwa klabu nyingi za mikoani mechi hizo mbili ndizo zenye viingilio vikubwa kuliko nyingine zote. Klabu kadhaa zimewahi kuhamishia mechi za aina hiyo katika miji mikubwa zaidi ili kupata watu wengi.

Matokeo yake ni hali ya kipekee. Mwenyeji hupata fedha kutoka kwa mashabiki waliokuja kumshangilia mgeni, na mchezaji wa timu ya mkoa huweza kuzomewa katika uwanja wa nyumbani. Wapo wanaoona kwamba timu za mikoani haziwezi kudumu mpaka watu wake wazifanye za kwanza moyoni, na hutoa mfano wa Milambo na Rhino Rangers. Wengine hujibu kwamba mapenzi ya babu hayawezi kufutwa kwa sababu timu mpya imehamia mjini, hasa timu inayoweza kubadilishwa jina au kuondoka. Wengi hufuata njia ya kati: wanaishangilia timu ya Tabora mechi 28 za msimu, na katika mbili zilizobaki wanavaa jezi ya Dar es Salaam.

Gharama na hatari

Kwa shabiki wa mikoani, kuhudhuria mechi ya watani kunamaanisha siku nzima au zaidi ya safari kwa basi au treni, pamoja na malazi na tiketi. Kwa hiyo mechi zilizoahirishwa siku yenyewe zimelalamikiwa sana. Tarehe 8 Mei 2021 mechi haikuchezwa kwa sababu ya mabadiliko ya saa, na tarehe 8 Machi 2025 iliahirishwa baada ya Simba kudai kuzuiwa kufanya mazoezi uwanjani. Ya kwanza ilichezwa tarehe 3 Julai 2021 (Yanga 1–0), ya pili tarehe 25 Juni 2025 (Yanga 2–0). Wengi waliotoka mbali mara ya kwanza hawakuweza kurudi.

Msongamano nao ni hatari. Tarehe 28 Mei 2023, kabla ya mechi ya Yanga na USM Alger kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, mtu mmoja alifariki na wengine kadhaa wakajeruhiwa. Katika miaka ya karibuni imeongezeka kamari ya "mikeka", inayowafanya baadhi ya vijana kutazama mechi kwa ajili ya matokeo ya dau kuliko ya timu.

Hata hivyo, utani wa watani wa jadi kwa kawaida haugeuki uadui. Shabiki wa Yanga aliyemcheka jirani yake Jumamosi humkuta Jumatatu kijiweni, na mmoja wao akifiwa, wa tawi pinzani huja na rambirambi, kama watani wa njia ya misafara walivyopaswa kufanya.

Tazama pia

- Tabora (mji)
- Chemchem (Tabora)
- Simba S.C.
- Young Africans S.C.
- Ligi Kuu Tanzania Bara
- Utani