Ndege ya Nyuzi Mbili

Mtoto aliyemfunga dundu uzi mguuni na kumwacha aruke amekwisha kugundua sehemu kubwa ya elimu isimuliwayo katika insha hii. Dundu huvuta kwenda nje, uzi humzuia asiende, na kwa kuwa hapana ashindaye, dundu huzunguka. Mchezo huo umejulikana katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki tangu zamani. Hapana aliyeuandika kuwa uvumbuzi, wala hapana aliyeudai kuwa mali yake. Ng'ambo ya bahari, katika karne ya ishirini, watu wazima walilishika jambo lilo hilo, wakaweka injini mahali pa dundu na nyuzi mbili mahali pa mmoja, kisha wakagombana hata mbele ya hakimu juu ya nani aliyetangulia. Habari ya mchezo huo, jinsi ulivyozaliwa, ulivyotupwa na ulivyotafutwa tena, ina somo kwa watu wa Chimala kama ilivyo nalo kwa watu wa Marekani.

Chimala ni mji mdogo wa Wilaya ya Mbarali, kando ya barabara kuu itokayo Iringa kwenda Mbeya. Upande wa kusini umesimama ukuta wa milima, na njia iendayo Matamba huupanda kwa kona 57 zilizohesabiwa. Upande wa kaskazini umelala uwanda wa Usangu, nchi ya mpunga na ng'ombe, tambarare kama mkeka uliotandikwa. Nchi hizi si ngeni kwa ndege. Mwaka 1932 kampuni ya Imperial Airways ilipofungua safari zake kutoka London hadi Cape Town, Mbeya, mji uliokuwa na umri wa miaka mitano tu, ulifanywa kituo baina ya Dodoma na Mpika. Mwaka 1937 safari kuu zilihamia pwani, zikachukuliwa na ndege zituazo majini, na Mbeya ikawekwa kando. Uwanja mkubwa wa Songwe ulikuja kufunguliwa mwaka 2012.

Hivyo kwa miaka mingi ndege zilikuja, zikapita, zikaenda zao. Na waliozitazama kutoka chini hawakuulizwa kama walipenda kujua zilivyoundwa. Watoto hawakungoja kuulizwa. Bua la muhindi lilifanywa kiwiliwili, ganda lake likafanywa mbawa, mwiba ukafanywa msumari, na kipande cha jani kikafanywa rafadha izungukayo mtoto akimbiapo kuukabili upepo. Kila kizazi cha watoto wa vijijini kimeunda ndege ya namna hiyo, na kila kizazi kimeitupa jalalani pale kilipoambiwa kuwa kimekuwa kikubwa. Neno lililotumiwa kuitupa ni moja: mchezo. Ni vema basi kutazama mchezo kama huo ulifika wapi kwa watu ambao hawakuutupa.

Katika jimbo la Oregon, Marekani, aliishi kijana jina lake Oba St. Clair. Mwaka 1936, karibu na mji wa Gresham, alirusha ndege ya mfano yenye injini, iliyofungwa nyuzi na kuongozwa na mtu aliyesimama chini. Kabla ya hapo ndege za mfano zilikuwa huru: mwenye ndege aliiwasha, akaiachilia, akaikimbilia mashambani akiomba isipotee wala isivunjike. St. Clair aliondoa kuomba, akaweka kuongoza. Lakini chombo chake kilikuwa kikubwa, chenye nyuzi nyingi, na habari zake hazikuenea mbali.

Katika jimbo lilo hilo, mjini Portland, alikuwapo mfanya biashara wa ndege za kuchezea jina lake Jim Walker. Yeye alikuwa na akili ya ufundi na akili ya soko pamoja, vipawa ambavyo si kila mara hukaa katika kichwa kimoja. Alitengeneza njia nyepesi ya nyuzi mbili na mpini mmoja, akaiita U-Control, akauza ndege iitwayo Fireball, na mwishoni mwa mwaka 1940 akaomba hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi. Hati hiyo alipewa mwaka 1942. Tangu hapo viwanda vilivyotaka kutumia njia yake vilimlipa ada.

Uzuri wa njia hiyo ni wepesi wake. Ndani ya ndege huwekwa kipande cha bati chenye pembe tatu, kigeukacho juu ya msumari. Nyuzi mbili hutoka katika pembe mbili za kipande hicho, hupita katika ubawa wa ndani na kufika mkononi mwa mrushaji, mmoja juu ya mpini na mmoja chini. Kutoka pembe ya tatu waya mgumu huenda mkiani na kushika kibao kiinamacho na kuinukia. Mrushaji akiinua mpini, uzi wa juu huvutwa, bati hugeuka, kibao cha mkia huinuka, nayo ndege huelekeza pua mbinguni. Akiuinamisha, ndege hushuka. Hapana usukani wa kwenda kushoto wala kulia, kwa maana njia ya ndege imekwisha kuamuliwa na urefu wa nyuzi. Mrushaji husimama katikati ya duara na kuzunguka pamoja na chombo chake, na siku za kwanza kizunguzungu humwangusha yeye kabla ya ndege kuanguka.

Lakini wepesi huo una masharti. Nyuzi zikilegea, amri ya mkono haifiki mkiani. Kwa hiyo waundaji huelekeza injini nje kidogo ya duara, na hutia kipande kidogo cha risasi katika ncha ya ubawa wa nje, ili ndege ivute daima. Tena ubawa wa ndani huzunguka duara dogo kuliko ubawa wa nje, kwa hiyo hupita polepole zaidi na kubebwa na hewa kidogo zaidi. Waundaji wengi huuongeza urefu ili mizani iwe sawa. Hata kanuni za mashindano zimejengwa juu ya hesabu. Katika mbio za timu nyuzi hupimwa mita 15.92, na msomaji akizidisha urefu huo kwa mbili, kisha kwa pai, atapata duara la mita 100. Mizunguko kumi ni kilomita moja kamili. Katika shindano la mwendo, ambako ndege hizi ndogo hukaribia kilomita 300 kwa saa, nyuzi ni mita 17.69, na mizunguko tisa ndiyo kilomita. Mwanafunzi aliyechoshwa na pai ubaoni huweza kuiona pai ikipita mbele ya macho yake.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mchezo ulienea kama moto wa kiangazi. Mwaka 1947 Ray Arden aliingiza sokoni plagi yenye waya mwembamba uwakao wenyewe ndani ya injini, na mzigo wa betri na koili ukaondoka katika ndege. Injini hizo hunywa methanoli iliyochanganywa na mafuta ya mbarika, mmea umeao hata kando ya majalala ya Tanzania. Vijana walinunua ramani, wakakata mbavu za mbawa katika ubao wa balsa, mti mwepesi utokao Ekwado, wakazigandisha kwa gundi, wakazifunika kwa karatasi ya shashi, na kuipaka karatasi dawa ya kuikaza. Kazi ilichukua majuma mengi, na ndege iliweza kuvunjika katika dakika ya kwanza. Aliyevunja alirudi mezani. Katika kurudi huko ndiko kulikokuwa na shule.

Kisha mambo mawili yalitokea. La kwanza lilitokea mahakamani. Leroy Cox, mwenye kiwanda cha injini ndogo California, alibishana na Walker juu ya hataza, na mwaka 1955 hataza ya Walker ilibatilishwa kwa kuwa ilionekana kwamba kazi ya St. Clair ilitangulia. Miaka kumi na tisa ilikuwa imepita. Sheria ilimrudishia St. Clair heshima yake, lakini heshima iliyokuja kwa kuwa matajiri wawili waligombania ada, si kwa kuwa ulimwengu ulikwenda kumtafuta fundi. Mtu huweza kujiuliza ni wavumbuzi wangapi ambao hawakupata bahati ya ugomvi kama huo.

Jambo la pili lilitokea madukani, nalo halikuwa na hakimu. Cox yule yule aliuza ndege za plastiki zilizokwisha kuundwa, zenye injini ya ujazo wa inchi 0.049, pungufu ya sentimita moja ya ujazo. Mtoto aliifungua sanduku asubuhi na kuirusha mchana. Furaha ilikuja mapema, na ujuzi ukabaki kiwandani. Baadaye bei ya vyombo vya redio ilishuka, ndege zikaongozwa bila uzi, na duara likaonekana kuwa gereza. Viwanja vingi vilinyamaza. Mashindano ya dunia hayakufa, lakini wachezaji walizeeka pamoja na injini zao.

Ajabu ni kwamba mchezo umetafutwa tena, na waliokuwa mbele katika kuutafuta ni wazee. Watu waliokuwa watoto katika miaka ya 1950 walipostaafu kazi walifungua masanduku ya zamani, wakatoa ramani zilizogeuka rangi, na kuunda upya ndege walizozivunja wakiwa na miaka kumi na miwili. Marekani na Uingereza wapo wakusanyao ramani za kale ili zisipotee, na wapo waundao ndege za miaka ile kwa vipimo vile vile. Kazi hiyo imewezekana kwa sababu moja kubwa: vipimo viliandikwa. Gazeti la Aeromodeller, lililoanza Uingereza mwaka 1935, na magazeti mengine kama hilo, yalichapa ramani mwezi baada ya mwezi. Fundi alikufa, ramani ikabaki. Na aliyeishika ramani aliweza kuzungumza na fundi ingawa hakuwahi kumwona. Kilichoachwa kilirudi kwa kuwa kilikuwa na njia ya kurudi.

Hapa ndipo Chimala inapotofautiana na Oregon. Ndege ya bua haikuachwa kwa kukosa akili ndani yake. Mtoto achaguaye bua kavu na kuacha bichi amepima uzito. Mtoto apindaye jani la rafadha amejifunza, kwa kukosea mara nyingi, kwamba jani lililo bapa halizunguki. Elimu hiyo ni kweli kama elimu ya Walker, lakini haina ramani, haina kipimo, haina jina la aliyeianza. Kwa hiyo kila mtoto huanza pale alipoanza babu yake, na huishia pale pale.

Dawa ya hali hiyo haikukosa kutajwa. Machi 1967 Julius Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule ziache kutenga akili na mikono. Andiko hilo limenukuliwa sana, na mara nyingi limesomwa kama amri ya kushika jembe tu. Jembe ni heshima, lakini mkono una kazi nyingi. Katika Urusi ya Kisovieti ndege za mfano hazikuachiwa maduka. Zilifundishwa katika nyumba za mapainia, ambako mwalimu, meza, msumeno mdogo na ramani vilikuwa mali ya watoto wote, na wengi waliopita hapo waliingia katika viwanda na vyuo vya ndege. Nchi mbili zisizopendana, moja kwa soko na moja kwa shule, zilikubaliana kwamba achezaye na ndege leo huenda akaiunda kesho.

Msomaji atasema kwamba nyakati zimepita, na kwamba leo kuna droni. Ni kweli. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kupimwa na kuchorwa kwa droni, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walikuwamo katika kazi hiyo. Jambo hilo ni la kusifiwa. Lakini vyombo vyenyewe viliundwa ng'ambo, na mtu aongozaye chombo asichoweza kukiunda ni abiria aliyepewa kiti cha mbele. Tofauti ya mrushaji na muundaji haiondolewi kwa kununua chombo kipya zaidi. Huondolewa kwa miaka ya kukata, kupima, kuvunja na kurudi mezani, na miaka hiyo huanza utotoni au haianzi.

Kwa kazi hiyo uwanda wa Usangu baada ya mavuno ni uwanja tosha, mradi watoto wawekwe mbali na nyaya za umeme, maana uzi wa chuma ukigusa waya mkubwa huua. Si lazima kuanza na injini. Ndege nyepesi ya bua iliyofungwa kwenye ncha ya ufito, ikizungushwa na mwenye kuushika, hufundisha mvuto wa nje, mizani ya mbawa na kazi ya kibao cha mkia. Lililo lazima ni daftari. Mwalimu akiwaambia wanafunzi wake wachore ndege ya bua kabla ya kuitupa, waandike urefu wa ubawa, uzito wa kiwiliwili na idadi ya mizunguko kabla ya kuanguka, watoto wa mwaka ujao wataanza juu ya mabega yao. Bua halina bei Chimala, na mikono haijapungua. Kinachopungua ni mtu wa kuandika kipimo.