Uchunguzi wa Tezi Dume

Uchunguzi wa tezi dume ni upimaji wa mara kwa mara wa mwanamume asiye na dalili yoyote, ili saratani ya tezi hiyo igundulike kabla haijasambaa. Tezi dume, yenye ukubwa wa ndimu ndogo, hukaa chini ya kibofu, ikiuzunguka mrija wa mkojo, na hutoa sehemu ya majimaji ya shahawa.

Saratani nyingi huanzia pembeni mwa tezi, mbali na mrija, hivyo mgonjwa huendelea kukojoa vizuri. Mzee anayeamka mara kwa mara usiku kwenda haja ndogo aghalabu husumbuliwa na kukua kwa tezi kusiko kwa saratani. Saratani inapoleta maumivu ya mgongo na nyonga, mara nyingi imekwisha kufika kwenye mifupa. Wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki hufika hospitalini katika hatua hiyo, ambapo tiba hurefusha maisha lakini kwa kawaida haiponyi. Anayesubiri dalili anausubiri ugonjwa ukomae.

Kipimo kikuu ni cha damu. Hupima PSA, protini inayotengenezwa na tezi dume. Marekani iliidhinisha kipimo hicho mwaka 1986 kwa kuwafuatilia wagonjwa, na mwaka 1994 kwa kusaidia kugundua saratani. Wanaume wengi huukwepa uchunguzi kwa kuogopa kidole cha daktari kinachopapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa. Inasikitisha, kwa kuwa hatua ya kwanza yaweza kuwa kutolewa damu mkononi tu.

PSA kupanda si hukumu. Maambukizi, kukua kwa tezi, kumwaga shahawa siku moja au mbili kabla ya kupimwa, hata kuendesha baiskeli kwa nguvu, vyaweza kuipandisha. Takriban wanaume 3 kati ya 4 wenye PSA ya juu hawana saratani. Hurudiwa kipimo, hufuata picha ya MRI panapo mashine, kisha huchukuliwa vinyama vya tezi vikachunguzwa maabara. Kwa kuwa PSA hupanda kwa sababu nyingi, majibu ya miaka iliyotangulia yana thamani kubwa: humwonyesha daktari kama kiwango kinapanda au kimetulia. American Cancer Society hushauri mwenye PSA chini ya 2.5 apimwe kila baada ya miaka 2, na mwenye 2.5 au zaidi kila mwaka.

Mazungumzo na daktari kuhusu uchunguzi huanza umri wa miaka 50. Miaka 45 kwa wanaume weusi, au mtu ambaye baba au kaka yake aliugua kabla ya miaka 65. Askofu Desmond Tutu wa Afrika Kusini, aliyegunduliwa kuwa na saratani hii mwaka 1997, aliizungumzia hadharani na akaishi hadi 2021.

Utafiti mkubwa wa Ulaya, uliohusisha wanaume zaidi ya 160,000, ulionyesha baada ya miaka 23 kwamba vifo vya saratani hii vilipungua kwa asilimia 13 miongoni mwa walioalikwa kupimwa. Gharama ya uchunguzi ni kugundua pia saratani za polepole ambazo zisingemdhuru mtu, ilhali upasuaji na mionzi huweza kuleta mkojo usiozuilika na kupungua kwa nguvu za kiume. Kwa saratani hizo madaktari hupendekeza uangalizi wa karibu: PSA, picha na vinyama kwa vipindi, na tiba kuanza pale tu ugonjwa unapobadilika.